Gridi imeshafika mjini kwetu, ile mitambo ya mafuta tuiuze skrepa?

#1 Bomba la Moshi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu mimi ni msomaji wa miaka mingi, kuandika siandiki. Leo nimechokozwa. Juzi kijiweni kijana mmoja alisema ile mitambo ya mji wetu ya kufua umeme kwa mafuta ikatwe vipande iuzwe skrepa, kwa kuwa gridi ya taifa imeshafika na ile inakaa bure inaota kutu. Watu wakamuunga mkono. Mimi nilikula shifti kwenye mitambo ile miaka 19. Nilinyamaza, nikamaliza kahawa yangu, nikaondoka. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikatisha katikati.

Kwanza nimpe kijana haki yake. Mafuta ni ghali, tena ghali ya kutisha. Injini ndogo, hizi za mizunguko 1,500 kwa dakika, lita moja ya dizeli inakupa uniti tatu na nusu, ikiwa na afya njema unapata nne. Dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, piga hesabu mwenyewe: mafuta peke yake ni shilingi 750 hadi 850 kwa kila uniti. Hapo hujanunua oili, hujabadili filta, hujalipa mtu. Halafu uniti hiyo hiyo unamuuzia mteja wa kawaida wa LUKU kwa bei isiyofika 400, maana bei ni moja nchi nzima. Mitambo ya megawati tano ikikimbia kutwa kucha kwa nguvu zake zote inakunywa lita 30,000 na ushee. Hilo ni lori zima la mafuta, kila siku ya Mungu. Masika barabara ikikatika, mnakaa mnapimana kwa macho, nani wa kumpigia mkuu wa wilaya simu kwamba leo mwisho saa nne usiku.

Kwa hiyo Songea ilipounganishwa mwaka 2018 kwa laini ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako, na Kigoma nao walipopumzisha majenereta mwaka 2022, nilifurahi kama mtu mwingine yeyote. Mitambo ya mafuta haifai kuwa ugali wa kila siku.

Sasa sikilizeni upande wa pili.

Gridi ni kinu kimoja chenye michi mingi. Mashine zote zilizounganishwa, za Kidatu, za Ubungo, za wapi, zinatwanga kwa mdundo mmoja: mara 50 kwa sekunde, hezi 50. Mmoja akiangusha mchi, waliobaki wanazidiwa na mdundo unashuka. Ukishuka sana, kuna vifaa vinavyoanza vyenyewe kukata wateja, mtaa huu, mji ule, ili kuokoa wengine. Na wanaokaa kwenye mkia wa laini, kama sisi, tuna balaa la ziada. Si lazima nchi izimike ndiyo na sisi tuzimike. Inatosha mti mmoja uangukie waya porini, kilomita 90 kutoka hapa.

Hilo lilitokea mwaka wa pili wa gridi. Mvua ya usiku, laini ikaanguka mahali ambapo gari haliingii. Siku tatu. Nikapigiwa simu saa tisa usiku niende kituoni nikasaidie, ingawa nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu.

Niwaonyeshe mambo yanavyokwenda, maana wengi mnadhani ni kuvuta kamba kama jenereta la dukani. Kati ya injini zetu sita, mbili za zamani zinawashwa kwa hewa. Kuna mtungi wa chuma unaojazwa hewa mpaka bar 30. Ukifungua valvu, hewa inasukuma pistoni na crankshaft inaanza kuzunguka, ndipo mafuta yanaingia na kushika moto. Mtungi ule ukivuja, huna injini. Ile ya kwanza tulikuta imebaki bar 12. Ikapumua mara moja, ikanyamaza. Ya pili ilikuwa na bar 26, kwa sababu mzee mmoja wa shifti, Mungu amlipe, alikuwa na tabia ya kuijaza kila Jumatatu bila kuagizwa na mtu. Ikakohoa moshi mweusi, halafu mweupe, halafu ikatulia. Sauti ile ukiisikia usiku wa giza, magoti yanalegea.

Iliyotangulia kuwaka unaiwekea mzigo kidogo kidogo, hospitali kwanza, pampu ya maji, kisha mitaa. Injini nyingine inapotaka kuungana nayo ndipo penye kazi. Kuna saa ya mviringo yenye mshale, sinkroskopu. Mshale unazunguka kwa kadiri mashine inayokuja inavyopishana mwendo na ile iliyopo. Unarekebisha mpaka uzunguke polepole kuelekea kulia, unangoja, na unafunga brekaa (swichi kubwa ya kuziunganisha) mshale ukiwa unakaribia kabisa pale juu, ilipo saa sita. Ukifunga mshale ukiwa upande wa chini, jengo zima linaruka na unaweza kukata shafti. Vijana wa siku hizi kompyuta inawafungia. Sisi tulikuwa tunafunga kwa kubana pumzi.

Siku tatu tulikunywa mafuta mengi na hasara ilikuwa kubwa. Ila hakuna mtoto aliyekufa kwenye mashine ya oksijeni, na maji yalitoka.

Swali langu kwenu: mitambo kama hii gridi ikishafika, tuifunge, tuiuze, au tuiache? Na ikibaki, nani alipe?

#2 kichwa_ngumu

Mkuu, kuandika unajua, na magoti yangu yamelegea kidogo hapo kwenye sauti. Lakini umeruka sehemu ya ulaji makusudi.

Nchi hii ukisema "umeme wa dharura wa mafuta" mtu mzima anashika mfuko wake. IPTL, ile kampuni binafsi ya kufua umeme pale Tegeta: injini kumi, megawati 100, mafuta mazito. Mkataba umesainiwa 1995, mitambo imeanza kuuza umeme 2002 baada ya kesi ndefu ya usuluhishi wa kimataifa. Mkataba wa miaka 20, na kapasiti chaji unalipa hata injini ikilala. Halafu 2014 tukaingia kwenye sakata la Escrow, la pesa za huo mkataba wa IPTL, mawaziri wakaondoka. Kila ukame ukija kunatokea mtu na mitambo ya kukodi mkononi. Wewe unatuambia tuache mitambo ikae "tayari". Tayari kwa ajili ya nani?

#3 Kinu cha Mama

Mimi nina mashine mbili za kusaga na nadhani mji anaousema mleta uzi naujua, ila tuuache.

Naomba kuuliza kitu. Tangu gridi ije, mchana umeme ni mzuri kabisa. Ikifika saa moja jioni mpaka saa nne, taa zinakuwa rangi ya chai na mota inanguruma bila kuzunguka. Nimeunguza mota moja tayari, kuisuka upya ni pesa. Wakati wa majenereta hili halikuwepo. Umeme ulikuwa ukikatika unakatika, ukiwepo upo. Inakuwaje umeme mwingi wa bwawa kubwa uje dhaifu kuliko wa jenereta bovu?

#4 Bomba la Moshi

@Kinu cha Mama pole na mota. Swali lako ndilo lililonitoa kimya.

Umeme unatoka mbali. Njiani waya unakula volti, na jioni kila mtu akiwasha kwa pamoja unakula zaidi. Ni kama bomba la maji mlimani: chini huku wakifungua wote, wa juu anapata tone. Kuna vifaa vya kuinua volti bila kuchoma mafuta, makapasita kwenye kituo cha kupozea umeme, na hivyo ni nafuu, ningependa tuanze na hivyo. Lakini injini iliyopo kwenye mkia wa laini ikiwashwa saa moja mpaka saa nne inafanya mambo mawili kwa mpigo: inabeba sehemu ya mzigo wa mji, na jenereta lake linasukuma volti juu. Jenereta bovu lilikuwa linakupa volti nzuri kwa sababu lilikuwa mtaa wa pili. Na mota yako tafadhali iwekee kifaa cha kuikata volti zikishuka. Ukisikia inanguruma bila kuzunguka zima hapo hapo, usiisubirie.

@kichwa_ngumu sijaruka makusudi, niliona aibu tu kuanza nalo. IPTL ulikuwa mkataba wa kununua umeme wa mafuta kama vile ni umeme wa kawaida, miaka 20, mtambo wa mtu binafsi, Dar es Salaam, kwenye kiini cha gridi. Mimi nazungumzia injini ambazo zimeshalipiwa, ni mali ya umma, ziko pembezoni, na zinatakiwa zikimbie saa chache kwa mwaka. Kuna mfano wa katikati: Nyakato Mwanza, megawati 60 na kitu za mafuta mazito, mali ya shirika la umeme lenyewe. Iliwekwa kule kwa kuwa Kanda ya Ziwa ilikuwa mbali na mabwawa na mbali na gesi. Mtu anaweza kulalamika gharama yake, lakini ukiitazama ramani ya laini unaelewa kwa nini ipo pale.

#5 Bi Mkubwa wa Jang'ombe

Assalaam alaykum. Mie nakaa Unguja na sitaki kusikia habari ya skrepa.

Nyie wa bara mkikosa umeme kwa saa sita mnaandika nyuzi kumi. Sisi Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa miezi mitatu. Miezi mitatu, si siku. Na mwaka 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima kwa mtindo huo huo. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea waya mmoja wa chini ya bahari, umelazwa tangu 1980, unatoka Ras Kiromoni unapandia Fumba, uwezo wake megawati 45. Kilipoharibika kiungo pale Fumba, basi, ndiyo khalas.

Watu wanadhani tabu ni kiza. Kiza tunakijua, tuna mwezi na tuna kandili. Tabu ni maji. Pampu za visima zinatumia umeme, kwa hiyo mabomba yakakauka mji mzima. Mie nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Naamka saa kumi alfajiri nakwenda na ndoo mbili kwa jirani mwenye kisima cha kamba, nakuta foleni imeshazunguka msikiti. Mchana kutwa mji unanguruma majenereta madogo ya kichina mbele ya kila duka, moshi unaingia mpaka kitandani. Mwenye hoteli alikuwa na jenereta kubwa, akinunua dizeli kwa mapipa. Muuza samaki akawa anauza kwa bei ya kutupa ikifika adhuhuri, maana barafu hakuna.

Baada ya hapo ndipo Mtoni kukawekwa majenereta ya dizeli ya akiba, 32 kwa hesabu, jumla yake kama megawati 25. Hazitoshi kisiwa kizima, kweli. Lakini zinatosha hospitali, maji na mgao wa zamu. Halafu 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100. Pemba nao walikuwa wakitegemea mitambo ya mafuta ya Wesha miaka yote mpaka walipovutiwa waya kutoka Tanga 2010.

Sasa mtu ataniambia: mna waya mpya, za Mtoni za nini? Nitamuuliza, ule wa 1980 siku unalazwa ulikuwa mkongwe?

#6 Mwana wa Changamwe

Hodi kutoka Mombasa. Mimi nimezaliwa hapa Changamwe, mitambo ya umeme ya Kipevu naiona kutoka dirishani, na moshi wake nimekula tangu utotoni kwa hiyo nina haki ya kusema.

Huku tuna mafuta kwa wingi. Kipevu III peke yake ni megawati 120, tangu 2011. Rabai 90, na wale wanakamata joto la moshi wanachemshia maji, mvuke unazungusha tabo (turbini) ndogo ya ziada. Thika, Athi River nako kuna mingine. Hii si mitambo midogo ya mleta uzi, lakini kazi yake siku hizi imekuwa ile ile: mchana jotoardhi ya Olkaria na maji ya Mto Tana yanabeba, jioni saa moja watu wakirudi nyumbani ndipo injini zinaamka. Kwenye bili ya stima kuna mstari wake kabisa wa gharama ya mafuta. Mvua ikikosa, mstari unanenepa, na sisi tunakonda.

Lakini niwape kisa cha Muhoroni. Kule magharibi kumewekwa tabo za kuchoma mafuta, zilihamishwa kutoka Embakasi 2016. Ghali kupita kiasi, kila mtu anazilaani. Na bado zilikuwa zikiwashwa, kwa sababu laini za kupeleka stima magharibi zilikuwa hazitoshi na volti kule zilikuwa zinaanguka jioni. Ni hadithi ya mama wa kinu, ila ya mikoa mizima. Dawa yake ni laini, si mafuta. Nawaambia ukweli: mtambo ghali ukiwashwa kila siku, ujue kuna mtu hakujenga laini.

Na msisahau tumbili. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale kituo cha umeme wa maji cha Gitaru, mtambo ukatripu (ukajizima), megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo, mashine nyingine zikalemewa, nchi nzima ikazima zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona, wakamchukua watu wa wanyamapori.

Halafu Agosti 2023, giza tena nchi nzima, na JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, lango la nchi, abiria wanawashiana tochi za simu kwa sababu jenereta lilikataa kuwaka. Waziri akaomba radhi. Jenereta lilikuwepo jameni! Halikukosekana jenereta.

#7 kichwa_ngumu

@Bi Mkubwa umenigusa. @Mwana wa Changamwe hiyo ya "mtu hakujenga laini" naiazima.

Lakini bado nina swali. Sasa hivi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mashine tisa za 235. Mahitaji ya juu ya nchi mwanzoni mwa 2025 yalikuwa yanazunguka 1,900 hivi. Tuna ziada. Nchi ikizima, si bwawa linawasha tu tena? Kwani maji yanahitaji dizeli?

#8 Bomba la Moshi

Swali zuri kuliko unavyodhani. Jibu ni ndiyo, maji yanahitaji dizeli, kidogo.

Ili mashine ya maji ianze kuzunguka lazima ufungue mageti, na mageti yanasukumwa na oili yenye presha, na pampu ya oili inataka umeme. Feni, pampu za kupoza, taa, mawasiliano, vyote umeme. Kawaida vinalishwa na gridi yenyewe. Gridi ikifa, umefungiwa nje na funguo ziko ndani. Ndiyo maana vituo vya maji huwa na betri na jenereta dogo la dizeli pembeni, wengine hata hawalijui lipo. Linawaka lile dogo, linaamsha mashine moja kubwa, hiyo inatuma umeme kwenye laini kuamsha kituo cha pili, na kuendelea. Mnaunganisha nchi kipande kwa kipande, na kila kipande lazima mkipe mzigo wa kiasi, ukizidi kinazima tena mnaanza upya. Aprili na Mei 2024 gridi yetu ilipoanguka mara mbili mliona wenyewe, mikoa ilirudi kwa zamu, si kwa swichi moja.

Na hapo penye "mashine za 235" pana jambo lingine. Piga hesabu mwenyewe: mashine moja ikitripu, zaidi ya asilimia kumi ya nchi imeondoka ndani ya sekunde. Bwawa kubwa ni neema, lakini likipiga chafya wote tunatikisika. Niwe mkweli, sekunde zile injini ya mafuta haikusaidii. Haijawaka bado. Sekunde hizo tunaokolewa na mashine zinazozunguka tayari na akiba mkononi, na vile vifaa vya kukata mitaa. Injini inakuja baadaye, dakika ya kwanza kwa ndogo zilizo moto, dakika tano mpaka kumi kwa kubwa, na kama ni ya mafuta mazito imepoa, usiniulize. Mafuta mazito ni lami iliyolegea. Lazima uyapashe mpaka nyuzi mia na zaidi ndiyo yapite kwenye nozeli. Tunawasha kwa dizeli safi kwanza, tunahamia mazito, na kabla ya kuzima tunarudi dizeli tena ili yasigande kwenye mabomba. Mtu akizima kwa haraka bila kusafisha, kesho mnagonga mabomba kwa nyundo.

#9 Fundi wa Wodi

Naomba nichangie upande wa majenereta ya hospitali, maana hapo kwenye uwanja wa ndege mwenzetu amegusa kidonda.

Hospitali niliyowahi kufanya kazi (jina libaki kwangu) ilikuwa na jenereta la kVA 500. Kila Ijumaa saa nne asubuhi tunaliwasha dakika kumi, tunasikia linanguruma, tunatia saini, tunalizima. Miaka minne. Tuliwasha bila mzigo, kwa sababu daktari mfawidhi hakutaka umeme upepesuke wakati wa kliniki. Dizeli bila mzigo haipati moto wa kutosha. Mafuta hayaungui yote, yanageuka utando mweusi kama samli chafu kwenye bomba la moshi na turbo, na oili inavuja kule. Siku umeme ulipokatika kweli, katikati ya upasuaji, lilipokea mzigo sekunde arobaini, likatoa moshi kama tanuri la chokaa, likazima. Tulimaliza kwa tochi na kwa mkono kwenye ule mpira wa kupumulia. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi.

Nilipofungua bomba la moshi nilitoa uchafu wa kujaza bakuli.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: injini inajaribiwa kwa mzigo usiopungua theluthi ya uwezo wake, nusu saa au zaidi, mpaka bomba lote lichemke. Na betri ya kuwashia naipima kwa mzigo pia, siangalii taa ya kijani. Majenereta mengi niliyoyakuta yamekataa kuwaka, injini ilikuwa nzima. Betri ndiyo ilikuwa maiti.

#10 Jua Kali 48V

Wazee mnapenda moshi sana. Dunia imeshahama. Australia waliweka betri ya megawati 100 Hornsdale mwaka 2017, inajibu kabla hujapepesa jicho. Hizo sekunde ambazo mleta uzi anasema injini haijawaka, betri imeshamaliza kazi. Malawi hapo jirani, Golomoti, sola megawati 20 na betri ya megawati tano, tangu 2022. Mji wa mkia wa laini ukiuwekea betri, jioni inainua volti za mama wa kinu, haina moshi, haina lori, haina mtungi wa hewa. Mbona tunajadili injini za babu?

#11 Bomba la Moshi

Kijana, hapa sikubishii, na ningekuwa na sauti kwenye bajeti ningeanza na betri kwa zile saa tatu za jioni. Injini kuwashwa kila jioni ni ugonjwa, mwenzetu wa Mombasa ameshasema.

Ila tazama mfano ulioleta mwenyewe. Betri ya Golomoti ni megawati tano kwa saa mbili. Laini yetu ilianguka siku tatu, mvua inanyesha, sola imevaa blanketi la mawingu. Unguja ilikuwa miezi mitatu. Betri ni pumzi ya ndani, ya kuruka mfereji. Pipa la dizeli linaweza kukaa kimya miezi kadhaa, likitunzwa lisiingie maji na ule utelezi wa wadudu, halafu likakupa usiku kucha. Viwekwe vyote viwili, betri kwa kila siku na injini mbili kwa siku mbaya. Nne zilizobaki mjini kwetu ziuzwe, hata mimi nakubali. Sipigani kuzitunza zote sita.

#12 kichwa_ngumu

Haya, nimesogea kidogo. Mbili zibaki, nne ziuzwe, mnada wa wazi. Sasa swali la mlipa kodi: nitajuaje kwamba hizo mbili kweli ziko tayari? Msimamizi atasema "ziko tayari" mpaka siku ya giza, kama ile ya hospitali. Kuna saini miaka minne pale na bakuli la uchafu.

#13 Bomba la Moshi

Omba daftari la mtambo. Kila kituo kina daftari, kubwa, gamba gumu, limejaa alama za vidole vya oili. Usiangalie kama limesainiwa. Angalia safu ya kilowati. Kama mtu ameandika "imewashwa, sawa" na safu ya mzigo ni sifuri, hakujaribu kitu, alisalimia tu. Kisha angalia joto la moshi: kila silinda ina namba yake, na zinatakiwa zipishane kidogo. Mtu anayebuni huandika namba zinazofanana zote, 350, 350, 350, kwa sababu mkono wake mvivu. Injini ya kweli haiwi hivyo, daima kuna silinda moja korofi. Halafu presha ya mtungi wa hewa, na tarehe ya mwisho ya kuchuja maji kutoka chini ya tangi. Na mita ya saa za kukimbia: kama daftari linasema nusu saa kila wiki, mwaka mzima mita lazima iwe imesogea saa 26. Hesabu hiyo haihitaji fundi.

Diwani yeyote anaweza kuifanya kwa dakika kumi. Mimi kwa miaka 19 sijaona diwani aliyeomba lile daftari. Waliomba kupiga picha na injini.

#14 Kinu cha Mama

Nimesoma hapo nikamtuma kijana wangu wa kazi kwa mjomba wake anayelinda pale kituoni. Anasema daftari lipo, liko ofisini, ofisi imefungwa, mwenye funguo yuko semina.

Jana saa mbili na nusu usiku umeme ukakatika, kama dakika 40 hivi. Nilitoka nje nikasimama uani nikageukia upande wa mitambo, nikasikiliza kama mleta uzi alivyosema, kikohozi kwanza halafu mngurumo. Nilisikia mbwa, na redio ya jirani ya betri.

Mjomba anarudi zamu Jumatatu. Nitaleta mrejesho wa ile mita ya saa.